Kocha Buford na Jina la Mjukuu

Jumatatu, 5 Novemba

Binti yangu Darla atajifungua wiki hii. Daktari kasema. Mchana nikamkumbusha kwa upole kwamba mtoto ataitwa Buford. Baba mkwe wake, Harlan Suggs, alikuwa jikoni kwangu akinywa chai yangu tamu ya barafu. Kanikatiza. Kasema mtoto ataitwa Virgil. Jikoni kwangu! Na glasi yangu mkononi!

Mji mzima unajua kwamba Kocha Buford Ragsdale ndiye kocha mkuu kuliko wote katika historia ya Ligi ya Vyuo vya Ghuba. Tangu Alabama ijue mpira wa yai, huu wetu wa Kimarekani, hajatokea mwingine. Aliwafundisha Nyumbu, timu ya chuo chetu, misimu tisa tu, wakawa wanashinda mpaka wanachoka. Kisha chuo kikamfukuza kwa uvumi juu yake na mke wa mkuu wa chuo. Uvumi! Mimi nilikuwa mbeba maji wa timu. Siku moja alinishika bega akaniambia, "Sogea, kijana, unanizibia." Sijaisahau siku ile. Mbwa wangu watatu wote waliitwa Buford.

Huyo Virgil Moody wa Harlan alikaa na Kambale, wapinzani wetu, misimu thelathini, akaambulia mataji saba. Miaka thelathini! Hata mimi ungenipa muda huo ningeokota saba.

Tukabishana. Darla kapiga meza. Kasema hataki kelele zetu chumba cha uzazi. Twende kinyozini kwa Roscoe, na kocha atakayetangazwa pale Ijumaa kuwa bora wa ligi, mtoto atachukua jina lake. Awe wa kiume, awe wa kike. Hakuna rufaa.

Buford kwa msichana? Jina zuri tu.

Jumanne, 6 Novemba

Leo taifa linachagua rais. Kinyozini hakuna aliyemtaja. Kura iliyo midomoni mwa watu ni ya Ijumaa. Roscoe kasema wateja wake watapiga kura ya mikono.

Nikaenda mapema na sufuria la karanga za kuchemsha, nikawagawia watu, nikawaeleza habari za Kocha Buford. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Mara mlango ukafunguliwa, Harlan huyo, na bega zima la nguruwe alilolikausha kwa moshi tangu jana. Jamaa wakaacha karanga zangu kama hawajawahi kuziona. Mmoja, ambaye nilimsaidia kuvuta gari lake matopeni mwaka jana, kaniambia na mafuta kidevuni, "Mzee Delmus, usinielewe vibaya, ila Virgil naye alikuwa mtu." Mkono mtupu haulambwi, na wangu ulikuwa na karanga.

Nikahesabu vichwa. Nimekwisha. Nilikula nguruwe kidogo. Alikuwa mtamu, nakiri kwa uchungu.

Jumatano, 7 Novemba

Nimepata! Kwa nini watu wapige kura wakati hesabu ipo?

Kocha Buford alishinda mechi themanini na moja katika kila mia. Virgil sabini na mbili. Tusihesabu mataji, wala miaka, wala nguruwe. Tuhesabu asilimia. Jioni, kwenye chakula cha kanisani, nikamweka mchungaji kona na sahani ya kuku, nikamtaka aseme mbele ya watu kwamba namba hazidanganyi. Kasema. Alikuwa anataka kukaa chini ale.

Roscoe kakubali haraka. Kasema tangu jana watu wawili wamerushiana mabrashi dukani kwake na mmoja kaondoka amenyolewa upande. Kanuni ikatangazwa pale pale: kocha mkuu yeyote aliyewahi kuongoza timu ya ligi, asilimia ya ushindi, basi. Harlan kawa mwekundu kama nyanya. Karuka, kapinga, kaita huo ni wizi. Mimi nikajipakulia pai.

Nikawaalika akina mama wote wa kanisa waje Ijumaa kushuhudia. Ushindi usio na mashahidi hauna ladha.

Mke wangu Wynelle kaniambia njiani, "Delmus, mchimba kisima huingia mwenyewe." Nikamwambia mimi sichimbi, napanda. Kaongeza mwendo. Wivu.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimepeleka kinyozini picha kubwa ya Kocha Buford. Fremu ya dhahabu. Ukutani hapakuwa na nafasi ila mahali pa kalenda ya duka la matrekta, ambayo Roscoe hajaibandua miaka na miaka. Nikaibandua. Nyuma yake palikuwa na picha ya zamani ya timu fulani, vijana wembamba wenye kofia za ngozi, katikati mwanamke aliyevaa kofia yenye unyoya, kakumbatia mpira. Mke wa mfadhili, bila shaka. Nikaiacha, nikamtundika Buford kando yake. Wanapendezana.

Darla kapiga simu. Kaanza kusikia uchungu kidogo. Nikamwomba avumilie mpaka kesho adhuhuri. Kakata simu.

Ijumaa, 9 Novemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Kinyozini kulijaa. Nilivaa tai ya Nyumbu. Roscoe kafungua mdomo amtaje Buford, na Bi Eulalie Stroud, ambaye nilimwalika mimi, nikamfuata kwa gari mimi, nikampa kiti cha mbele mimi, kanyoosha bakora yake ukutani. Kasema, "Jamani! Si Bi Odessa yule?"

Roscoe kauliza Odessa gani.

"Odessa Pruitt, nyie watoto! Kocha!"

Mwaka mmoja wa Vita Kuu ya Pili, kasema, kocha wa Chuo cha Cane Creek, cha ligi hii hii, alikwenda jeshini, na hakuna mwanaume aliyebaki wa kushika timu. Wakampa mwalimu wa mapishi. Petroli ilikuwa ya mgawo, kwa hiyo msimu mzima walicheza mechi moja. Bi Eulalie alikuwepo, mtoto wa miaka kumi na miwili, kapanda juu ya lori. Walishinda.

Nikauliza walimpiga nani. Bora ningenyamaza. Nyumbu.

Roscoe katazama dari, akihesabu. Mechi moja. Ushindi mmoja. Asilimia mia moja.

Nikapiga kelele kwamba hiyo si haki, mechi moja si kitu! Roscoe kaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mzee Delmus, kanuni ilikuwa ya nani?" Akina mama wakapiga makofi. Harlan alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akakumbuka Virgil. Akaacha.

Wynelle kaniuliza kama kisimani kuna baridi.

Jumamosi, 10 Novemba

Nyumbu na Kambale uwanjani, Darla chumba cha uzazi. Mimi na Harlan kwenye benchi la hospitali na redio moja, kila mtu na waya wake sikioni.

Ni msichana! Odessa Suggs. Darla kasema jina limempendeza na kaniomba nimshukuru Bi Eulalie. Nikampokea. Mdogo, mwekundu, hasira tele. Kanishika kidole akakataa kuachia. Nililia wazi wazi. Harlan naye alilia, ila yeye analia vibaya. Nyumbu wakapigwa dakika ya mwisho. Sikujali. Kwa muda kama wa kunywa kahawa, sikujali kabisa.

Jumapili, 11 Novemba

Darla kasema jina la pili la mtoto bado hajaamua!

Sikulala kanisani hata kidogo, nilikuwa nawaza. Kosa la wiki hii nimeliona. Kanuni ilikuwa nzuri, ila iliacha mlango wazi kwa watu wa mechi moja. Baada ya ibada nikamfuata Roscoe nje na kanuni mpya. Asilimia ile ile, lakini kocha awe amefundisha misimu isiyopungua kumi. Hapo Bi Odessa, kwa heshima zote, nje!

Roscoe kahesabu kitu kwa vidole. Kaniuliza nina hakika ni kumi, si tisa. Nikamwambia kumi, na iandikwe kwenye kioo kwa sabuni, isibadilishwe na mtu yeyote, hata mimi.

Harlan alikuwa amesimama karibu. Kaunga mkono papo hapo, bila ubishi, kanishika mkono kwa mikono yake miwili, kaniita mkwe wangu mpenzi. Miaka yote hii na ndiyo mara ya kwanza tunakubaliana. Mtoto huleta amani kweli.

Kesho nanunua fremu nyingine.