Masharubu ya Kapteni Hamphiri

Jumapili, 5 Novemba 1995

Leo kule Kibera mchungaji amemaliza mahubiri mapema. Muujiza! Halafu akatangaza kwamba Jumamosi mama mmoja wa ofisi ya wanajeshi wa zamani, Misisi Waceke, atakuja kwenye holi ya kanisa kukagua picha, medali na karatasi za watu wa Keya, lile jeshi la Mwingereza. Kuna ubao unachongwa majina ya waliokwenda vita vya Bama, kule Asia kwa Wajapani, wasirudi. Utatundikwa Jumapili ijayo. Mwenye mtu wake alete ushahidi.

Baada ya ibada Seline akanijia. Ni jirani yangu huku mtaa wa Kongo, Kawangware. Alikuwa na picha imefungwa kwa leso. Picha yenyewe imepigwa na moshi wa jikoni mpaka imekuwa rangi ya chai. Askari sita wamesimama, ofisa mzungu ameketi mbele. Wa mwisho kushoto ni baba yake, Koplo Urbanus. Alienda vitani Seline akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakurudi. Na ndugu yake Urbanus, huyo Naftaly, tangu siku hizo anaimba wimbo mmoja: hakufa, alitoroka jeshi, akaoa Tanganyika. Mama ya Seline amezikwa akiitwa bibi ya mtoro. Seline naye ana wajukuu, na akienda nyumbani bado ni binti ya mtoro.

Shida ni kwamba kikosi cha Urbanus hakijulikani. Seline alikwishakwenda ofisini mjini, na Misisi Waceke alimwambia atafute mtu wa kumtambua ofisa. Ofisa akijulikana, kikosi kimejulikana, na karatasi za Urbanus zitapatikana.

Akaniuliza kama namjua huyo mzungu.

Kuniuliza mimi! Elfas Shivachi! Watu walikuwa wamejaa, na Nashon yuko hapo hapo. Nashon ni yule Mjaluo wa Kibera anayejiita Sajenti mpaka leo. Nikaona ananyoosha shingo. Angesema yeye kwanza! Nikatupa jicho moja. Nikasema: Kapteni Hamphiri. Nimemjua kwa masikio yake.

Nashon akasema omera, ndugu yangu, uso wa mzungu wa miaka hamsini iliyopita hautambuliwi kama mbuzi wako, hebu kwanza aone kofia. Nikafunga leso haraka. Nikamwambia Seline aniachie picha, uchunguzi unaendelea.

Ni kweli ofisa ninayemjua kwa jina ni mmoja tu. Lakini nilimpikia uji miezi mingi pale kambi ya Gilgil, hapa hapa Kenya, na hakuwahi kurudisha bakuli. Gilgil ni jeshi pia.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimekwenda Soko la Toi. Mtu anayetambua maofisa hawezi kusimama mbele ya Misisi Waceke kifua kitupu kama kuku aliyenyonyolewa. Medali zangu serikali ilisahau kunipa.

Tonny anauza makoti ya mitumba, na chini ya meza ana bakuli la vifungo na takataka za wazungu waliohama. Nikaona medali tatu na tepe zake! Tonny akasema mzae, hizo ni orijino, mfalme mwenyewe ako hapo, angalia kichwa. Tukabadilishana. Mimi nikachukua medali, yeye akachukua pasi ya makaa ya binti yangu Mideva.

Mideva amerudi jioni akauliza pasi iko wapi. Nikasema iko kwa kazi ya taifa. Akasema, baba, mimi kesho naenda kazini nikiwa nimekunjana kama barua ya posta. Wanawake hawaelewi vita.

Sikuwa na hakika medali huvaliwa upande gani. Nikaitoa picha. Ofisa ana tepe zake kifuani, upande wa mkono wangu wa kulia. Nikazibandika kulia. Mtu akichunguza vizuri hakosei.

Jumatano, 8 Novemba

Mambo mabaya.

Seline amekwenda mjini jana na lile jina. Limepatikana! Nilianza kucheka. Akaniambia ningoje. Kapteni Hamphiri yuko kwenye karatasi, lakini alikuwa ofisa wa stoo, Gilgil, vita vyote, na hakuvuka bahari hata siku moja. Kwa hivyo Misisi Waceke amesema, kama huyu pichani ni Hamphiri, basi Urbanus alikuwa Gilgil pia, na hakufika Bama. Na kama hakufika Bama, akapotea vipi?

Naftaly amesikia habari huko nyumbani. Anakuja. Ametuma watu waseme kwamba sasa hata wazungu wamekubali ndugu yake alitoroka.

Seline alisimama mlangoni, ameshika mbao ya mlango. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu vizuri. Aliuliza tu: Baba Mideva, una hakika?

Hapo palikuwa na nafasi. Nafasi ndogo ya kusema labda. Lakini Nashon angesikia hiyo labda kabla ya jua kutua, na angeibeba Kibera nzima. Nikasema nina hakika. Nikasema Hamphiri alikwenda Bama kwa siri. Siri ya jeshi, hata karatasi zake hazikuambiwa.

Seline akaniangalia. Akaenda.

Alhamisi, 9 Novemba

Nashon amekuja mpaka kwangu! Ametembea kutoka Kibera na fimbo yake. Niliona kofia yake kwenye uchochoro, nikasukuma picha chini ya godoro, nikalala juu yake nikaanza kukohoa.

Akaketi. Mideva, msaliti, akampa chai. Akasema hataki ugomvi, anataka kuona kofia za wale askari tu, maana kila batalioni ilikuwa na kiraka chake pembeni mwa kofia, na kiraka hakisemi uongo kama watu wengine. Nikakohoa zaidi. Akamaliza chai. Akaongezewa! Mgongo wangu ulikuwa unaungua, nikifikiri picha inakunjika.

Akiondoka akasema kitu kibaya. Akasema Hamphiri wa Gilgil anamkumbuka hata yeye, alikuwa na masharubu kama brashi ya choo. Na Seline amesema ofisa wa kwenye picha ni laini kama yai. Basi Jumamosi tutaona.

Jumamosi tutaona! Mbele ya watu wote!

Nikafikiri mpaka kichwa kikauma. Kukubali kosa, hapana. Shivachi hajawahi. Basi kama masharubu ndiyo shida, masharubu si kitu kigumu. Nikachukua mkebe wa kiwi ya viatu na kijiti cha kiberiti. Pole pole. Upande mmoja ukawa mnene, nikanenepesha wa pili. Wa pili ukapita wa kwanza. Mwisho yamekuwa masharubu makubwa kidogo, lakini Hamphiri alikuwa mtu mkubwa.

Sasa ni yeye kabisa. Hata mimi nimeshtuka, nikakumbuka uji.

Ijumaa, 10 Novemba

Naftaly amefika jana usiku. Mzee mwenye kofia nzuri na mdomo mrefu. Amelala kwa Seline, amekula kwa Seline, na tangu asubuhi ameketi nje ya mlango wa Seline akiwaambia wapangaji wote juu ya mtoro wa Tanganyika. Akanipigia saluti! Akasema asante, mzee wa jeshi, umetumalizia kesi. Watu wakacheka. Sikujua nicheke au nini.

Jioni Seline akaja kuchukua picha. Nikasema nitaileta mwenyewe, kwa heshima. Akaniambia polepole kwamba kesho jina lisipoingia, hatarudi nyumbani tena, hata kulifagia kaburi la mama yake. Akasema mama yake alimwachia kitu kimoja tu hapa duniani, na kitu hicho kiko kwangu.

Sikula. Ni maharagwe ya Mideva, hayakuiva.

Nilitaka kufuta masharubu kidogo. Nikaogopa kuharibu.

Jumamosi, 11 Novemba

Naandika haraka haraka, lakini si woga, ni soda nyingi.

Nimeingia holini na koti na medali zangu tatu. Misisi Waceke, mama mnene wa miwani, aliponiona akainuka kabisa! Akanishika mikono miwili. Akasema pole sana, mzee. Akaniketisha benchi ya mbele, akaniletea soda. Nikamwangalia Nashon huko nyuma, amesimama na medali zake upande wa kushoto, maskini, hakuna aliyempa hata maji. Tatizo moja tu: benchi hiyo ilikuwa ya watu wanaolia, na jirani yangu alikuwa Naftaly.

Kisha Nashon akauliza kwa sauti: Shivachi, nani amekufa?

Nikasema hakuna.

Misisi Waceke akaeleza, kwa upole mbaya, kwamba medali zako mwenyewe unavaa kushoto. Anayevaa kulia ni mjane au yatima wa mwenye medali. Holi nzima ikacheka. Mtu akaita kutoka mlangoni, mjane Shivachi, pole kwa msiba! Nikawaambia mimi natumia mkono wa kulia. Hawakunyamaza.

Halafu wakanyamaza, maana Misisi Waceke ameifungua picha niliyoileta.

Seline akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Akasema huyu hakuwa na masharubu! Nimeiangalia hii picha maisha yangu yote, hakuwa na masharubu! Naftaly naye akapiga makofi. Hamphiri! akasema. Ndiye huyo! Gilgil! Andikeni mtoro, twende nyumbani!

Misisi Waceke akaweka kidole juu ya mdomo wa Kapteni. Kidole kikarudi cheusi. Akakinusa.

Akasema: kiwi.

Watu wote wakanigeukia. Nikaangalia soda.

Akachovya pamba kwenye maji akaanza kupangusa. Kwanza ilikuwa mbaya zaidi! Masharubu yakakimbilia mashavuni, yakapanda pua, yule mzungu akawa mweusi kuliko askari wake. Seline alikuwa ameziba mdomo kwa ile leso, na machozi yanapita juu yake. Mimi nilihesabu milango, uko mmoja tu.

Kisha kiwi ikatoka. Na chini ya kiwi ukatoka moshi. Moshi wa jikoni kwa mama ya Seline, wa miaka yote ile, ukaja kwenye pamba kama majani ya chai. Seline hakuwahi kuthubutu kupangusa picha hiyo hata kwa ukucha. Misisi Waceke akabadilisha pamba, akapanda juu, pole pole, shavu, jicho, kofia. Ukatokea mkato kwenye shavu la ofisa. Na kwenye kofia za askari, upande, kikatokea kiraka.

Nashon akaja mbele. Hakutumia fimbo. Alivua kofia yake akaishika kifuani, akainama, akakaa hivyo mpaka nikafikiri mgongo umemkamata.

Akasema kiraka hiki ni chetu. Akasema huyu ni Luteni Wilmoti. Mkato huu alikatwa na waya, na yeye Nashon ndiye aliyemfunga kitambaa. Akasema kule Bama Luteni alivuka mto asubuhi na watu wake wakishika kamba, kamba ikakatika, yeye Nashon alikuwa ng'ambo nyingine anangoja zamu. Aliwaona. Hakuna aliyetoka.

Naftaly akasema, lakini mmoja angeweza kutoroka.

Nashon akamwambia: ndugu yangu, ule mto haukuwa na njia ya kwenda Tanganyika.

Misisi Waceke akafungua karatasi za batalioni hiyo. Akatafuta. Seline akawa anamwangalia machoni. Akasoma: Luteni Wilmoti, alipotea mtoni. Koplo Urbanus, alipotea mtoni, siku hiyo hiyo. Karatasi yake ilikuwapo siku zote, hakuna aliyejua pa kuitafuta.

Naftaly akavua kofia. Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye alikuwa anamngoja ndugu yake tu, maana mtoro anaweza kurudi. Seline alikuwa amepiga magoti mbele ya picha akimwambia mama yake.

Na mimi? Hakuna aliyeniuliza. Lakini wafikirie wenyewe. Nani alileta kiwi?

Jumapili, 12 Novemba

Ubao umetundikwa. Jina la Urbanus liko pale, limechongwa usiku kucha, nimeligusa mwenyewe. Naftaly ameomba yeye ndiye alitangaze, na alilitangaza vizuri, sauti ilikatika katikati. Amesema Krismasi atampeleka Seline nyumbani mwenyewe, waongee na kaburi la mama.

Kisha tukaenda kula kwa Seline. Alichinja jogoo. Nikavuta kiti karibu na sahani, nikanyoosha mkono uoshwe kwanza. Sote tunajua firigisi ni ya mwanamume aliyefanya kazi.

Akampa Nashon!

Firigisi! Mjaluo! Nyumbani kwa Waluhya! Nashon akaitafuna polepole akiniangalia. Mimi nikapewa shingo. Seline akasema, chukua Baba Mideva, shingo ni ya mtu asiyeweza kugeuka. Hata Mideva alicheka, na gauni lake limenyooka. Kumbe asubuhi ameng'oa medali zangu kwenye koti, amezirudisha kwa Tonny na kuchukua pasi yake. Koti limebaki na matundu.

Nimekula shingo yote. Kimya cha mwanajeshi.

Jumanne, 14 Novemba

Sifa zimefika mbali! Leo Annet, yule anayeuza dagaa wa omena pale stendi, amekuja na picha ya babu yake. Babu amesimama kando ya gari la moshi, na mzungu mmoja mwenye kofia na vifungo vingi. Annet anataka kumjua huyo mzungu, maana familia inabishana babu alifanya kazi wapi. Alikuwa anataka kwanza kumpelekea Nashon.

Nashon! Nikamwambia aketi. Nikaishika picha mbali kidogo, halafu karibu. Masikio yale yale.

Kapteni Hamphiri. Amekonda tu, na amenyoa.

Nimemwambia aniachie picha mpaka kesho. Kiwi bado iko nusu mkebe.