Waraka wa Kusawazisha Moto na Maji

Idara ya Usawa Michezoni inautangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, moto hautaunguza majani, maji hayatazima moto, na mdudu hataonewa tena na yeyote.

Waraka huo Mkurugenzi aliuandika mwenyewe, amekalia katoni la mafaili ndani ya stoo, jasho likimchuruzika mpaka kwenye soksi. Idara nzima ilikuwa na feni moja, na desturi ilikuwa hii: kila mwaka wafanyakazi hupambanisha mazimwi yao katika mchezo wa simu, ambamo kila zimwi lina aina yake, kama moto, maji, majani au mdudu, na aina moja huizidi nyingine, na bingwa hupewa chumba chenye feni. Mwaka uliopita Joka la Moto la Mkurugenzi, lililofikishwa ngazi ya tisini na tisa na maafisa watatu waliolilea saa za kazi, lilizimwa na Chura wa Maji wa ngazi ya ishirini. Mwenye chura alikuwa Mama Chai, mpika chai wa idara. Tangu siku hiyo chupa zake za chai zilikaa chini ya feni, zinapepewa kama bibi harusi.

"Hii si hasira," Mkurugenzi alimweleza binti aliyeutunga mchezo, aliyeitwa stoo pamoja na leseni yake. "Hii ni sera. Maji yauzidi moto kwa kibali cha nani?"

"Mheshimiwa, bila hivyo mwenye zimwi kubwa atashinda kila siku. Aina zisipolingana, mdogo anapata upenyo."

"Upenyo! Huo ndio tunaouziba. Na mdudu je? Mbona anapigwa na kila mpita njia?"

"Nilimfanya dhaifu makusudi. Mtu akishinda kwa mdudu, mtaa mzima utakoma kwa majigambo yake."

"Binti, unafuga uonevu halafu unauita utamu. Sawazisha, au leseni naikalia."

Akaikalia kweli, palepale kwenye katoni.

Mwanzoni waraka ulisema tu aina zisizidiane nguvu. Mkurugenzi akaona umekonda, hauna mwili wa kiserikali. Akaunenepesha: zimwi lisizidi jingine kwa nguvu, kasi, ukubwa, ngazi wala hadhi, na shambulio lolote lisizidi kinga. Alipousoma kwa sauti, alijisikia vizuri.

"Neno kwa neno, mheshimiwa?" binti aliuliza, nyusi juu.

"Usiache hata nukta."

Jumatatu, siku ya pambano la mwaka, ukumbi ulijaa. Mkurugenzi akaketi kumkabili Mama Chai, akafungua simu, akakuta joka lake lina kimo cha chura.

"Limepatwa na nini?"

"Limesawazishwa," alisema binti.

Joka likapuliza moto. Chura akapepesa macho. Madhara: sifuri. Chura akatema maji. Joka likapiga chafya. Sifuri. Saa nne ikapita, sifuri kwa sifuri, na hakuna aliyethubutu kuondoka, maana Kanuni ya Saba, aliyoitunga Mkurugenzi mwenyewe ili watu wasitoroke kwenda kula, ilisema mchezaji atakayeinuka kitini kabla ya mshindi kupatikana, ameshindwa.

Mama Chai alicheza kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa kazini.

"Kunywa, mwanangu, koo lisikauke."

Kikombe cha kwanza Mkurugenzi alikinywa kwa heshima, cha pili kwa mazoea. Kufikia cha sita alikuwa amepishanisha miguu na paji la uso linang'aa.

"Mama, unaonaje tupumzike dakika mbili tu?"

"Mie sijachoka, baba. Nikuongeze?"

Akaongeza, polepole, kutoka juu, chai ikilia kikombeni kama bomba la uani.

"Binti!" Mkurugenzi alifoka. "Rudisha uonevu! Sasa hivi!"

"Unahitajika waraka mpya, mheshimiwa. Wenye sahihi na mhuri."

"Mhuri uko wapi?"

"Chumba cha feni," alijibu karani, bila kuinua kichwa.

Mkurugenzi aliutazama mlango. Akakitazama kikombe cha saba. Akainuka, na hakuelekea kwenye mhuri. Alikwenda kwa hatua fupifupi, magoti yameshikana kama mapacha.

Karani akaandika kumbukumbu za kikao: "Idara inathibitisha kwamba usawa umefanya kazi. Joka halikushindwa. Aliyeshindwa ni mwenye joka, saa tano na robo, kwa maji, vikombe saba. Stoo itaendelea kuwa yake."

Mama Chai akafunika chupa, akazirudisha kwenye upepo.