Uzinduzi wa Bafe Nyumbani kwa Okparaeke

Ukoo wa Umuoranta, salamu kwenu! (Yaa!) Kwenu! (Yaa!) Nimesema kwenu! (Yaaa!)

Kabla sijataja heshima za watu, namshukuru Mungu aliyeniumba mimi mtu wa bahati. Wako waliozaliwa na meno, wako waliozaliwa wametanguliza miguu, lakini mimi nilizaliwa na bahati, na mwezi uliopita kule Lagos bahati hiyo ilinitafuta mpaka mlangoni kwangu, ikanikuta na fulana ya ndani tu, ikanikabidhi, katika bahati nasibu iliyowashinda wasomi na matajiri, seti kamili ya vyombo vya bafe vya chuma kisichoshika kutu, kila chombo na mfuniko wake wa kuviringisha na kitaa chake cha kupashia moto chini, kama vile vya kwenye mahoteli ambayo wengi wenu mmeyaona kwa nje. (Makofi. Sauti: "Chifu wa bahati!")

Sasa itifaki. Mheshimiwa sana Mzee Ikeotuonye, mkuu wa ukoo huu, mvunja wetu wa kokwa za kola za kukaribishia wageni na mla firigisi wetu wa kudumu, wazee wote mliokaa kivulini kwa haki na vijana mliokaa kivulini kwa wizi, wake wa boma hili, mkiongozwa na mke wangu mpenzi Nwakaego, Waziri Kamili wa Jiko, ambaye upawa mkononi mwake haujawahi kufanyiwa uchaguzi, mabinti wa ukoo mlioolewa mbali mkarudi leo, mashemeji mliokuja na magari, na mashemeji mliokuja na maelezo, Bwana Katekista, ambaye mahubiri yake ya asubuhi yalituandaa vizuri kwa njaa hii, watoto wa dada zetu, ambao mila inakataza kuwapiga hata wakistahili (Ndubuisi, mtoto wa dada yake Chifu, mwenye ndevu tayari: "Asante, mjomba! Endelea, utatuamsha ukimaliza!"), wawakilishi wa mbuzi waliotangulia mbele ya haki, itifaki yote imezingatiwa.

Nimesimama hapa mimi, Chifu Nwabueze Okparaeke, Msaidizi Mwandamizi wa zamani wa Mshauri Maalumu wa Serikali ya Mtaa kuhusu Mifereji, mtu niliyesoma katika vyuo vitatu, vyote vikaniachia niondoke kabla ya mtihani kwa sababu viliona nimeshaiva, kuzindua rasmi Mpango Mkakati wa Uwezeshaji wa Mlaji katika Kujipakulia Chakula cha Sikukuu Nyumbani, ambao kwa lugha ya wananchi wa kawaida, kama nyinyi, unaitwa bafe. (Makofi. Mzee Ikeotuonye: "Unaitwa chakula. Kiko wapi?")

Swali zuri sana, mzee wangu, nalipokea, nitalijibu katika sehemu husika ya hotuba.

Ndugu wadau, upembuzi yakinifu nilioufanya mimi mwenyewe nikiwa nimelala umebainisha kwamba asilimia tisini na sita ya ugomvi wa Krismasi katika boma hili hautokani na mashamba, wala mahari, wala siasa, bali unatokana na upawa, na asilimia nne iliyobaki inatokana na tembo la mchikichi, ambalo nalo huchokozwa na upawa. Kwa maana tangu mababu, jikoni kwetu nyama ina anwani. Paja linajua linakokwenda. Ubavu unajua. Firigisi ya kuku inajua kabla kuku hajafa kwamba itazikwa ndani ya Mzee Ikeotuonye. (Mzee: "Kweli kabisa.") Na anayejua anwani zote hizo ni mwanamke mmoja aliyeinama juu ya sufuria, moshi umo machoni, anapakua sahani moja baada ya nyingine, sahani zile zile za kumbukumbu zenye picha ya marehemu tunazogawiwa misibani, kiasi kwamba ukimaliza wali unamkuta marehemu shemeji anakuchekea chini ya mchuzi. (Kicheko.)

Nani asiyekumbuka Krismasi ile? Dada yangu Uzoamaka, yule pale, amekaa karibu na lango, mkoba mapajani na viatu bado miguuni, dada yangu huyo alikuja kutoka Enugu na mbuzi dume mwenye ndevu kama za mwanawe. (Ndubuisi: "Mjomba, mheshimu mbuzi!") Mbuzi akachinjwa, akasifiwa, akapikwa. Mume wa Uzoamaka alikuwapo, na wakwe zake walikuwapo. Sahani ya dada yangu ikaletwa, imefunikwa vizuri kwa sahani nyingine, akafunua mbele ya watu wote, na ndani ya sahani kulikuwa na nini? (Akina mama, kwa sauti ya chini: "Kwato.") Kwato! Ya mbuzi wake mwenyewe! Shangazi yetu aliyeshika upawa siku hiyo, kabla Nwakaego hajaolewa hapa, Mungu amlaze pema, alisema binti aliyeolewa ni mgeni na mgeni hachagui. Uzoamaka hakupiga kelele. Alirudisha kifuniko juu ya kwato, akasema: "Nitakula tena katika nyumba hii siku nitakayojipakulia kwa mkono wangu." Akaondoka, na Krismasi zote zilizofuata tumekula bila yeye, na mimi ndugu yake nimekuwa nikitafuna nyama kama mtu anayetafuna mpira. (Uzoamaka: "Kaka, hayo nayajua. Mimi nimekuja kuona bafe.")

Na umeona! Yaani utaona. Nilimpigia simu nikamwambia, njoo dada, safari hii hakuna wa kukupakulia, nimeshinda vyombo, ukoo umeingia katika zama za kujihudumia. Na amekuja. Naomba makofi kwa dada yangu. (Makofi. Uzoamaka hapigi.)

Sasa niwapitishe katika utaratibu. Bafe, ndugu wadau, si vurugu. Bafe ina mkondo, kama mfereji, na katika mifereji hakuna wa kunifundisha. Sahani zinaanzia kushoto. Wali wa jolof unafuata, kwa sababu ni mlinzi wa tumbo, mtu akishaujaza anafika kwenye nyama akiwa na sahani isiyo na nafasi, na hiyo ndiyo siri ya mahoteli yote. Kisha viazi vikuu vya kutwanga, kisha supu ya majani machungu, kisha mbuzi, kisha kuku mwisho kabisa, mbali, karibu na ukuta, ili anayemtaka awe amefikiri. Kila mtu ana mkono, kila mkono una kijiko, na kila kijiko kina dhamira. (Mzee Ikeotuonye anainua fimbo: "Mwanangu Nwabueze, ngoja. Unataka mimi, mkuu wa ukoo, nishike sahani nisimame kwenye foleni nyuma ya Ndubuisi?")

Mzee wangu, hilo limezingatiwa, litaundiwa kamati ndogo.

(Mzee: "Na firigisi? Ikikaa wazi mezani, ikichukuliwa na mtu yeyote, kamati ndogo itamtapisha?" Kicheko kirefu. Ndubuisi: "Babu, mimi nitailinda. Tumboni mwangu!" Mzee: "Ungekuwa mjukuu wa kiumeni leo ungelala na nundu.")

Tulieni, tulieni, changamoto ni sehemu ya mafanikio. Kama mnavyoona, meza ile chini ya turubai imefunikwa kitambaa cheupe, na chini ya kitambaa mnaona maumbo marefu, mapana, ya kuheshimika. Huo ndio mradi. Nitaufunua baada ya kusema machache kuhusu historia ya kitambaa chenyewe, ambacho kilinunuliwa kwa ajili ya ubatizo wa mwanangu Kosi, wakati ambapo mimi, katika nafasi yangu ya Msaidizi Mwandamizi, nilikuwa ninasimamia mfereji ambao ungekuwa mrefu kuliko yote katika ukanda huu kama ungechimbwa, na ambao (Nwakaego, kutoka mlango wa jiko: "Baba Kosi, supu inaganda!") na ambao, mke wangu, nakushukuru kwa taarifa, ulinifunza kwamba maendeleo hayana haraka, maendeleo ni

(Uzoamaka amesimama. Amekwenda mezani. Watu: "Ehee!")

Dada, utaratibu! Kuna utepe! Utepe haujakatwa!

(Uzoamaka: "Kaka, tangu nifike unazungumza kama mtu anayemzuia mkwe asiingie chumbani. Mimi nafunua." Anavuta kitambaa. Chini yake ni mabeseni matano ya kufulia, yamefudikizwa. Moja lina sabuni bado. Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa majira ya Krismasi, linapita juu ya meza.)

Ndugu wadau. Hii ni awamu ya kwanza. Vyombo vyenyewe viko forodhani, kuna masuala ya lojistiki, vyuma vile ni vya daraja la juu, hata afisa wa forodha alilia alipoviona, na kwa sasa mabeseni haya yanakaimu nafasi. (Hakuna anayecheka isipokuwa Ndubuisi, na mama yake anamtazama, naye ananyamaza. Uzoamaka anachukua mkoba wake. Anapita kati ya viti kuelekea langoni.)

Mabeseni yanakaimu tu, dada. Dada. Uzo.

Mnaona, hotuba yangu ina kurasa nyingine, kuna sehemu ya takwimu za vijiko, kuna shairi, lakini naona niruke hapo. Uzo, usiende. Wenzangu mnizuilie huyo mtu, msimguse, simameni tu mlangoni kama mnaoongea. Uzo, mama yetu alituzaa wawili tu katika nyumba hii. Ukitoka leo bila kula, hutarudi, nakujua, wewe ukifunga mlango unameza ufunguo. Mimi nitawahutubia nani? Hawa? Hawa wananisikiliza kwa sababu sijaruhusu chakula kitoke!

(Sauti: "Kweli!" Uzoamaka amesimama, mgongo umewaelekea watu. Nwakaego anatoka jikoni. Hakubeba sahani. Amebeba sufuria lenyewe, kubwa, tako lake jeusi kwa masizi, anatembea upande kama kaa kwa uzito wake, anakwenda hadi mezani, anapiga beseni moja teke, anaweka sufuria juu ya kitambaa cha ubatizo.)

Nwakaego! Kitambaa cha Kosi!

(Nwakaego: "Kosi ameshabatizwa." Anarudi, analeta la pili. Wake wengine wa boma wanatazamana, kisha nao wanaingia jikoni. Sufuria la mbuzi. Sufuria la kuku. Supu. Wali. Nwakaego anafuta mikono, anachomoa upawa kiunoni, anamfuata Uzoamaka hadi langoni. "Wifi, sina vya kuviringisha wala vitaa. Nina huu. Chukua kabla sijabadili mawazo, maana toka niolewe haujatoka mkononi mwangu nikiwa na akili timamu.")

Sekretarieti inaunga mkono kauli ya Waziri.

(Uzoamaka anautazama upawa. Anauchukua. Anarudi mezani na viatu vyake vya safari, anachukua sahani yenye picha ya marehemu shemeji, anafunua sufuria la kuku. Anachota. Mchuzi unashuka, na katikati ya upawa imekaa firigisi. Watu wote: "Eeeh!" Mwanamke mmoja anafumba macho. Uzoamaka mwenyewe amesita, mkono uko hewani.)

Ndugu wadau, naomba utulivu. Mzee wangu, shinikizo la damu. Kamati ndogo inaweza kukutana sasa hivi.

(Mzee Ikeotuonye ananyanyuka kwa fimbo. Anakwenda mezani mwenyewe, polepole, na Ndubuisi anampisha mbele bila kuambiwa. Mzee anatazama firigisi muda mrefu, kama mtu anayeaga. Kisha: "Binti yangu, mkono wako umeipata. Iweke kwenye sahani yako." Anageuka kwa Nwakaego: "Na wewe nitafutie kwato. Tangu nizaliwe sijapewa kwato. Nataka nijue huyu mtoto alipewa nini siku ile." Vigelegele mpaka mbwa wa jirani wanajibu.)

Mmeona? Mmeona matunda ya uongozi wenye maono? Hilo ndilo nililokuwa nikilipanga tangu mwanzo! (Mzee, akitafuna: "Ngumu. Ngumu sana. Nwabueze, waombe radhi mabinti wote.") Nawaomba radhi mabinti wote, kwa niaba ya serikali, ukoo na kwato. (Uzoamaka amevua viatu. Amekaa, si langoni, katikati. Anakula.)

Kwa kumalizia, maana naona foleni imeshanizunguka na Katekista ana mapaja mawili, nasema: Bafe kwa wote! (Kwa wote!) Upawa kwa umma! (Kwa umma!) Kila mkono na kijiko chake! (Chake!) Ndubuisi, rudisha hilo, bado wenzako!

Nawashukuru wazee kwa uvumilivu, wake wa boma kwa kuvunja itifaki, mwanangu Kosi kwa kitambaa, na nawashukuru kwa namna ya pekee waandaaji wa bahati nasibu ile tukufu ya Lagos, walioniamini na kunikabidhi seti kamili ya vyombo ambavyo

(Uzoamaka, mdomo umejaa: "Kaka. Nitazame. Ulivishinda kweli?")

Hapana. Sikushinda kitu, Uzo. Hata tiketi sikununua.