Ukoko wa Pipa la Bibi Lempi

Jumatatu, 2 Juni
Ushindi! Pipa la kukandia mkate la Bibi Lempi Pöyhönen limewasili. Mbao za msonobari, umri karne moja na nusu. Jumapili makumbusho yetu ya mkoa yanafungua ukumbi mpya, na kabati la kioo la katikati ni moja tu. Raili, mhifadhi mwenzangu, analitaka kwa ajili ya vinu vyake vya kahawa. Kumi na saba, vyote vinafanana! Bibi Lempi ametoa sharti: siku ya ufunguzi wageni walishwe mkate uliokandwa humohumo. Nimekubali. Wazee hupenda masharti.

Jumanne, 3 Juni
Nimelichunguza kwa lenzi. Aibu! Ndani kumeganda ukoko mweusi, mnene, wenye harufu kali. Vizazi vitano vya wanawake, na hakuna hata mmoja aliyefahamiana na sabuni. Raili aliuliza, kwa upole wake wa kuudhi, kama mwenye pipa anajua kwamba ninaliosha. Nilimjibu kwamba daktari hakiombi kidonda ruhusa. Akakwangua vijiko viwili vya uchafu ule, akautia katika chupa ya jamu. “Utanipigia magoti, Bwana Tarmo,” akasema. Akusanye taka, ndiyo hadhi yake.

Jumatano, 4 Juni
Saa sita nzima za kusugua. Maji moto, magadi, spiriti, hatimaye mswaki. Jeupe kama yai! Raili ametia unga na maji katika chupa yake, ameiweka dirishani. Inatoa mapovu. Nimemwandikia mkurugenzi barua kuhusu usafi.

Ijumaa, 6 Juni
Bibi Lempi alikuja na unga wake. Akachungulia pipani. Akanusa. Akauliza yuko wapi. Nikauliza nani.
“Chachu, mwanangu! Hulala kwenye ukoko, ndiyo maana pipa haliguswi na maji. Mama alipokimbia vita aliacha ng’ombe, akabeba hili. Nyumbani kwenu hamkuoka?”
Nilimfahamisha kwamba sisi wa Helsinki tulinunua mkate. Nikaongeza maelezo ya kisayansi kuhusu vijidudu. Akasema vijidudu hivyo ndivyo vilivyomlea. Kisha akaketi kwenye ngazi, akalia bila sauti. Nilimpa karatasi laini ya kufungia vyombo, ile isiyo na asidi. Ni ghali.
Hapo akaja Raili na chupa yake. Bibi Lempi alinusa mara moja tu, akamkumbatia, akamwita “binti yangu.” Mimi hakuniita kitu.

Jumapili, 8 Juni
Mkate umeumuka. Wageni wamekula wakilamba vidole. Mimi nilikula vipande vinne, kwa ajili ya utafiti. Bibi Lempi amelichukua pipa, anarudi nalo nyumbani. Na kabati la kioo? Mkurugenzi ameweka humo chupa ya jamu! Inatoa mapovu katikati ya ukumbi, na watu wanaipiga picha.

Jumatatu, 9 Juni
Nimepitia matukio yote kwa utulivu. Kosa ni moja: nilimwachia Raili kijiko.
Leo familia ya Huttunen imetukabidhi bafu zima la moshi, kibanda cha kuogea mvuke kisicho na dohani, kilichojengwa na babu wa babu yao. Wanaomba waoge humo sikukuu ya Juhani, katikati ya kiangazi, kama kawaida. Kuta ni nyeusi tititi kwa masizi! Nimeagiza lita arobaini za sabuni. Vijiko vyote nimevifungia, na ufunguo ninao mimi.