Simu ya Mama na Kifurushi Nisichoagiza

Jumatatu, 4 Machi
Ujumbe umeingia nikiwa nabandika soli ya kiatu cha mwalimu. Eti kifurushi changu kimezuiliwa posta, nibonyeze kiungo nikikomboe. Sijaagiza kitu. Nikamwonyesha shemeji, mume wa dada, karani wa posta anayejiona yeye ndiye posta yenyewe. Akasema nisijibu, nisibonyeze, nifute, niizuie hiyo namba. Alisema taratibu, kama anaongea na mgonjwa. Nimekereka. Nitawanasa hao matapeli mwenyewe, halafu tuone nani mjinga.

Jumanne, 5 Machi
Mpango tayari. Sibonyezi kwa simu yangu, mimi si mtoto. Nitatumia ya marehemu Mama. Kuukuu, kioo kimepasuka, haina cha kuibiwa. Ina rekodi zake tu. Macho yake yalipochoka aliacha kuandika, akawa anajitumia sauti mwenyewe kwenye programu ya ujumbe: dawa, vitunguu, manung'uniko juu yetu. Mtunzaji ni mimi. Kila Jumapili baada ya chakula dada huja, tunasikiliza moja, analia kidogo, anarudi kwake. Shemeji aliwahi kunishauri nizihifadhi na mahali pengine. Kwa kuwa alisema yeye, sikufanya.

Jumatano, 6 Machi
Nimeuhamishia ujumbe kwenye simu ya Mama, nikabonyeza. Ukurasa safi, hata nembo ipo. Wakaomba namba ya simu, nikaandika ya Mama. Ikaingia meseji yenye tarakimu sita, wakazitaka na hizo. Meseji yenyewe ilionya nisimpe mtu yeyote. Nikawapa, ili waniamini. Ndiyo chambo.

Muda si mrefu simu ikasema akaunti ya Mama imefunguliwa kwenye simu nyingine. Nikaifuta programu nzima na kuiweka upya, niwafungie nje. Imerudi tupu. Inadai namba ya siri nisiyoijua. Rekodi hakuna hata moja.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi simu kaikagua, kaniuliza kama nina nakala popote. Nikasema bado. Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama watu wanavyotoa pole. Nimekaa kibandani hadi adhuhuri bila kugusa sindano.

Mchana dada kapiga simu. Mama kamwandikia. Kasema yuko salama, ana shida kidogo, wamsaidie haraka. Shangazi naye kaandikiwa vilevile, presha imempanda, amelazwa chini wanampepea. Nikamwambia dada ni hitilafu ya mtandao. Kuna wakati najistaajabia jinsi ninavyodanganya kwa haraka.

Jumapili, 10 Machi
Nilikuwa na mpango. Nilijirekodi nikiiga sauti ya Mama: vitunguu, nyanya, dawa ya presha, na kikohozi kidogo mwishoni. Mimi niliona inafanana.

Dada kaisikiliza yote. Hakulia. Kaniuliza za kweli ziko wapi. Nikasema kila kitu, nikitazama meza. Akaniambia kuna moja, ya mwisho kabisa, hakuwahi kuigusa. Alikuwa anaiweka akiba ya siku atakayozidiwa. Sikuwa najua. Kila Jumapili mimi ndiye niliyekuwa nachagua, na sikuwahi kumuuliza.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Nilingoja aseme alinionya. Badala yake kamshika mkewe mkono wakaondoka, na viatu vyake nilivyomshonea mwezi jana vinalia kila hatua. Nina aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Jumatatu, 11 Machi
Shemeji katuma maagizo kwa ukoo mzima: namba ya Mama isijibiwe, izuiwe, kesho anakwenda kuripoti. Ni sawa kabisa. Nilikuwa nataka kuizuia.

Kabla sijabonyeza, namba ya Mama ikaniandikia. Mwanangu, umekula?

Namjua ni nani. Ni mwizi, pengine kaketi mahali anatafuna. Nikaweka sindano chini. Nikamjibu kuwa bado. Akasema nile, nisikae na njaa. Kisha akaniomba tarakimu sita zitakazoingia kwenye simu yangu, eti za kumsaidia kurudi hewani.

Huu ni mpango, bila shaka. Nikimzoesha hivi, nitamnasa. Shemeji hana haja ya kujua.

Tarakimu zimeingia, nimezituma. Sasa nakwenda kula.