Kurejea kwa Hiari Kutoka Nyakahura

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo ni miaka hamsini na tatu na siku kumi na tisa tangu nivuke mto Ruvubu nikitoka Burundi, na blanketi moja na kitabu cha hesabu. Lakini daftari hili si la hayo. Ni la kitukuu changu, mwenye umri wa siku kumi na mbili, na la mama yake, Diane, mjukuu tuliyemlea mimi na marehemu Selestina kule Nemba. Nilikuja kwake Nyakahura kwa siku mbili. Leo ni siku ya nane.

Nimekuja kikazi. Naandika Mwongozo wa Kunusurika kwa Mama wa Mara ya Kwanza. Sifa ninazo: watoto saba walikulia nyumbani kwangu. (Selestina aliwashika zaidi. Mimi nilikuwa nasoma. Lakini nyumba ilikuwa moja.)

Kikwazo ni Bi Francisca, mama mkwe wa Diane, Mhangaza wa Ngara. Anajua kila kitu na hajasoma popote. Kila asubuhi hupiga goti kwa heshima zote: “Shikamoo, mzee. Bado upo?”

Marahaba. Nipo.

Jioni Diane akaniambia kwa upole kwamba Jumamosi mumewe, Derick, atanipeleka Nemba kwa pikipiki. “Ukipenda, babu.”

Ukipenda! Nilikuwa mkalimani katika kambi ya wakimbizi kwa miaka sita. Nalijua neno hilo. Kambini tuliliita kurejea kwa hiari. Ukilisikia, ujue lori limeshajazwa mafuta.

Nemba nina nyumba ya vyumba vitatu, vitabu sitini na kimoja, na kiti cha Selestina. Kimya tele.

Nina siku tano za kuwafanya washindwe kuishi bila mimi.

Jumanne, 3 Juni

Kanuni ya Kwanza: mtoto akilala, mama naye alale. Adui wa kanuni hii ni wageni. Wanawake wanakuja makundi kwa makundi kumhemba mzazi, kama tunavyosema kwetu: unamletea chakula na kinywaji, kisha unakaa mpaka umalize wewe mwenyewe.

Nikakata kalenda ya mwaka jana vipande vya kadi, nikaandika namba, nikaweka meza mlangoni. Jina, kitongoji, idadi ya watu katika kaya, alicholeta. Wawili wawili, dakika kumi.

Jirani yetu Consolatha akauliza kama leo tunagawa mahindi ya njano ya msaada au ni mafuta tu. Wenzake wakacheka hadi kushikana mabega. Nikawaambia foleni ni ustaarabu. Wakapanga foleni. Foleni ikawa ndefu, jua likawa kali, wakafungua rubisi, pombe ya ndizi waliyomletea mzazi. Kufikia namba tisa walikuwa wanaimba. Namba kumi na nne akadai amerukwa, akamwita namba kumi na tano mwizi.

Mtoto akaamka. Mama yake akaamka.

Bi Francisca akatoka, akawaingiza wote kwa mkupuo. Wakamtazama mtoto, wakasali, wakaondoka. Robo saa.

Bahati tu.

Jumatano, 4 Juni

Kanuni ya Pili: mzazi anywe uji mwingi. Nikaupika mwenyewe. Kipimo ninachokikumbuka ni cha kambini, cha watu mia mbili. Nikagawanya kichwani. Nikakosea nukta moja.

Mafundi wote wa pikipiki anakofanya kazi Derick wamekunywa. Mbwa wao pia. Bado ndoo mbili.

Alhamisi, 5 Juni

Ushindi!

Mtoto alianza kulia saa tatu asubuhi. Bi Francisca akambeba mgongoni. Akamwimbia Kihangaza. Akampaka mafuta tumboni. Wapi! Saa tano Diane naye akaanza kulia, akisema hana akili ya kuwa mama, aliyemwambia anaweza alimdanganya.

Nikasema mleteni. Nikamlaza kwenye kitanda chake kando ya kiti changu, nikachukua kilichokuwa karibu, kijitabu cha kupambana na ugonjwa wa batobato ya mihogo, nikaanza kusoma kwa sauti. Taratibu, kwa kuheshimu alama za vituo. Kufikia ukurasa wa nne, kimya.

Huenda nami nilisinzia kidogo. Nilipofumbua macho ilikuwa saa nane. Mtoto amelala. Diane amelala. Bi Francisca ameegemea ukuta, kilemba kimemfunika pua.

Diane alipoamka alinishukuru kwa Kirundi. Hajazungumza nami Kirundi tangu tumzike Selestina.

Kanuni ya Tatu: mtoto asomewe maandishi mazuri.

Ijumaa, 6 Juni

Maafa. Kumbe jana Diane alinirekodi kwa simu! Leo mtoto alipolia, wakaiweka simu kando yake. Akalala. Derick akafurahi sana. Akasema sasa babu akapumzike kwake bila wasiwasi, sauti yake tunayo.

Nimenakiliwa, sasa nafukuzwa.

Walipotoka uani nikaichukua simu niifute sauti. Nikabonyeza. Batobato ya mihogo ikanguruma nyumba nzima. Bi Francisca alinikuta nimeikalia, na mto juu yake.

Hakunikemea. Aliketi, akasema nisikilize mpaka mwisho. Nikasikiliza. Dakika sita nasoma, na dakika sita mtoto analia, tena zaidi nilipofika penye mbolea. Kisha nasita. Kisha kikaanza kitu kama mashine ya kukoboa inayopanda mlima. Hapo ndipo mtoto akanyamaza.

“Mzee,” akasema, “huyu hajui mihogo. Anapenda unavyokoroma.”

Nikamwambia basi kazi yangu imekwisha, hata hilo simu inalo.

Akasema simu inataka chaji kila siku, mimi nataka ugali tu. Na kwamba yeye Jumapili anarudi Ngara, maharage yake yanapasukia shambani, na hamwachi Diane na simu.

Jumamosi, 7 Juni

Derick alifunga begi langu kwenye pikipiki saa mbili. Nikapanda. Mtoto akalia. Derick akazima injini.

Diane akaja na mtoto begani, macho mekundu. Akasema nibaki, kwa sharti moja: nisisaidie. Hakuna kanuni, hakuna kadi, hakuna uji. Nikae nilale. Nikakubali papo hapo, nikashuka.

Kisha nikatafakari. Ni dhahiri mtoto alilala kwa ubora wa maandishi. Kukoroma kulitokea tu wakati huohuo. Nimemtuma Derick Nemba akaniletee vitabu vyote sitini na kimoja, na kiti cha Selestina. Na kalenda ya mwaka juzi. Kesho baada ya misa wageni watakuja wengi, na safari hii kadi zitakuwa za rangi mbili.

Bi Francisca amepita na kuniuliza kama bado nipo. Nipo.

Nilipovuka Ruvubu nilimwambia kila mtu kwamba nitarudi baada ya mavuno. Safari hii nasema ukweli mapema. Nemba sitarudi.