Lenzi Murefu na Mbuzi za Mahari

Jumanne, 4 Machi 2014
…nikaruka fensi, nikaangukia mufereji, matope mupaka kwa masikio. Yote juu ya imbwa ya afande Drani. Nilikuwa najaribu lenzi mupya ya kamera yangu, ile murefu kama mukono. Nikachungulia. Weh! Meno! Mate! Pua iko kwa jicho langu! Nikakimbia. Kugeuka nyuma, imbwa iko kule kule kambi ya polisi, ng'ambo ya uwanja, imelala. Kumbe ilikuwa inapiga miayo tu. Batoto balicheka mupaka balikaa chini.

Lakini lenzi iko nguvu! Sulaiti wa soko ya Mpondwe hakunidanganya. Nilimupa mbuzi zangu zote, akanipa hii. Kitu moja tu inanisumbua. Zile mbuzi zilikuwa za mahari ya Teopista.

Jumatano, 5 Machi
Shangazi Bulandina ndiye ananisemea kwa baba ya Teopista. Mimi nikisimama mbele ya yule muzee, ulimi inakauka. Leo amerudi na habari mubaya. Muzee Kosmasi anataka kuona mbuzi. Bila mbuzi hakuna bibi, hata uimbe namna gani. Na Nobert, yule wa kiwanda ya simenti kule Hima, naye anamutaka Teopista, amepitisha mbuzi zake mbele ya mulango yetu, zinalia mee mee. Makusudi!

Nimepata akili. Nikaambia shangazi aseme mbuzi zangu iko mbali kwa mulima, mvua imeharibu njia, lakini nitaleta picha. Shangazi akaniangalia sana. Akauliza kama mbuzi iko salama. Nikasema iko salama. Si uongo. Kwa Sulaiti zinakula vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi yote nimejificha ndani ya shamba ya kahawa, upande huu wa muto. Ng'ambo ile, mbuzi za mutu fulani, zimenona, zinang'aa! Moja mweupe, sikio imepasuka, iliangalia lenzi kama chifu. Nobert akapita, akauliza navizia nini. Nikasema ndege. Akasema ndege na mimi tunafanana, wote hatuna mbuzi. Mujinga! Picha zimetoka safi, unaweza kuhesabu ndevu.

Jumapili, 9 Machi
Nataka kufa. Baada ya misa, mimi na shangazi tukaenda kwa muzee. Akashika picha, akacheka, akaita mama Erina, bibi yake, aje kuona. Akasema ile mweupe ni mbuzi ya heshima. Akauliza jina yake. Nikasema kwa sauti ndogo, Askofu.

Akasema hapana, anaitwa Kapiteni. Alizaliwa kwa jikoni yake, na sikio ilipasuliwa na imbwa ya jirani. Zote zilikuwa zake! Kaka yake anamuchungia ng'ambo ya muto. Tena akaweka kidole kwa kona ya picha. Kuna mutu amechuchumaa nyuma ya kichaka, suruali chini. Ni yeye muzee! Akaniuliza: “Mukwe, na huyu pia ni wa mahari?”

Teopista alishika ukuta kwa kucheka. Nobert alikuwa kwa dirisha. Muzee amenipa mupaka Jumapili ijayo. Nikikosa mbuzi, Teopista anaenda Hima.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda kwa Sulaiti kurudisha lenzi. Akasema mbuzi zimevuka kwenda Kongo zamani, saa hii ni supu ya Bakongomani. Shangazi anasema niende kumupigia muzee magoti, niseme ukweli. Shangazi hana akili ya mambo ya picha.

Mimi nimeona kosa. Kosa ni kupiga picha mbuzi yenye inajulikana. Kule Kikorongo, ndani ya paki ya wanyama, swala ni bengi na hakuna mutu anajua majina yao. Ukipiga kwa nyuma, zimeinama kwa majani, pembe haionekani. Mbuzi kabisa! Na safari hii nitaangalia kona zote.

Lori ya Omara inapiga honi barabarani. Naacha hapa, lazima niende sasa. Jua ikiwa kali swala zinalala kwa kivuli, na mimi nitakosa matako yao.